Bustani Isiyo na Mwenyewe

Mama,

Shikamoo.

Zile barua ulizokuwa ukinituma nimwandikie dada Skola kule Mtowisa zilianza zote kwa namna moja: sisi huku wazima, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali. Mimi nakaa kwenye kigoda na kalamu, wewe unapepeta ulezi na kutamka. Hii ya leo siwezi kuianza hivyo. Wewe huko uliko sikuhofii. Hofu na mashaka yako huku kwangu, na juu yake aibu.

Na dada alipojibu, mimi ndiye niliyekusomea, na pale alipoandika jambo la kukuumiza nilikuwa naruka. Kumbe ulijua. Ulikuwa unasema, "Desi, mbona ukurasa mrefu hivyo na maneno machache?" Basi hii sitaruka kitu, ingawa leo ndiyo ningependa kuruka kuliko siku zote.

Jambo lenyewe ni hili. Nimekukana, Mama. Nilisimama kule chemchemini mbele ya darasa la sita zima, wakaniuliza ile bustani ya kabichi ni ya nani, nikasema sijui.

Ngoja nikueleze vizuri, usije ukafikiri mwanao amerukwa na akili.

Ulipotutoka mvua zilikuwa zinamalizika. Tulipokuzika tope lilikuwa bado linashika viatu, na watoto wa shule walikuja na ndoo za maji na kuni kichwani, kama ilivyo desturi mwalimu akifiwa. Baada ya hapo baridi ikaingia kwa nguvu, ule upepo wako unaopita chini ya mlango. Bado nalala chumba kile kile. Jiko lako nimeliacha kama lilivyokuwa, ila mafiga nimeyasogeza kidogo kwa sababu mimi ni mrefu na moshi ulikuwa unaniingia machoni. Nisamehe kwa hilo pia.

Niliporudi kazini nikakuta bomba la shule limekauka. Watoto wanateremka mtoni na ndoo, na mto wenyewe umekuwa mwembamba hata kabla ya kiangazi. Akaja afisa maji kutoka mjini na Land Rover, akatukalisha walimu ofisini, akasema vyanzo vya maji vinakufa na kwamba watu wazima hawasikii tena, tuanze na watoto. Alikunywa chai akaondoka. Mwalimu mkuu akanitazama juu ya miwani akasema, "Mwalimu Desideri, hili lako."

Unanijua nikipewa jambo la kufundisha. Wewe mwenyewe ulisema mimi naweza kumfundisha kuku kutaga. Nililivamia somo lile kwa moyo wote, na nadhani nilifanya hivyo pia ili nisikae nyumbani kukutazamia mlangoni. Nikachukua madebe mawili, moja nikalijaza udongo mtupu, jingine udongo wenye nyasi, nikayatoboa chini, nikamwagia maji, watoto wakaona wenyewe maji ya debe lipi yalitoka machafu. Tukaimba maji ni uhai. Nikawapandisha mlimani kwenye mashamba ya watu, tukatazama matuta yetu, yale ya mviringo, intumba, yaliyofukiwa nyasi ndani. Nikawaambia: mvua ikinyesha kwenye mteremko huu, tuta linaishika, nyasi zinaoza, udongo haushuki mtoni. Wazee wetu waliyajua haya kabla hajaja bwana shamba wa kwanza. Kisha nikasema, kwa sauti ya kujivuna, "Mimi mama yangu ndiye aliyenifundisha kulima tuta." Watoto wakapiga makofi kwa ajili yako. Mlimani nilikutaja, Mama. Nataka ukumbuke kwamba mlimani nilikutaja.

Baadaye tukaanza kuchora ramani. Nilikata mfuko mtupu wa saruji, nikaukung'uta, nikaubandika ukutani kwa gundi ya ugali. Tukakubaliana hivi: maji yatachorwa kwa kalamu ya bluu. Kila kinachoyaharibu kitaandikwa kwa nyekundu pamoja na jina la mwenyewe, na kutoka hapo utachorwa mshale kuonyesha uharibifu unakwenda wapi. Jina ni wazo langu. Nilisema, "Kosa lisilo na mwenyewe haliwezi kurekebishwa." Waliliandika kwenye madaftari yao na mimi nikalipigia mstari ubaoni.

Tukaanza kupanda na mto, darasa zima, kila siku kipande, tunaandika kwenye karatasi na tukirudi tunahamishia kwenye ramani. Tukafika pale akina mama wanapofulia, watoto wakaandika. Tukafika kwenye kivuko cha ng'ombe, kingo zimemomonyoka, tope tupu. Hapo nikaona kigugumizi kimewashika watoto, maana wote walijua ng'ombe wale ni wa nani. Unamkumbuka Kabula, yule binti wa Wasukuma waliohamia na mifugo yao kule bondeni, ambaye ulikuwa unampa majani ya nje ya kabichi na yeye anakuita bibi? Yuko darasani kwangu. Alichukua taratibu kalamu nyekundu mkononi mwa kiranja, akaandika kwenye karatasi yake, "Kivuko cha ng'ombe wa baba yangu." Hakuna aliyemwambia. Akachora na mshale wake mpaka bwawani tunapochota. Nilimsifia mbele ya wenzake, nikawaambia huo ndio ujasiri. Ningejua kilichokuwa kinaningoja mbele ningefunga mdomo.

Kwa sababu siku iliyofuata tukafika juu.

Mama, sikuwahi kupaona pale kwa macho ya mtu anayetoka chini. Siku zote nilishuka kutoka upande wa nyumbani, nimebeba jembe au kikapu, nikaona kabichi. Safari hii nilikuja nikifuata maji, nimewaeleza watoto njia nzima kwamba tunakwenda kuona jicho la chemchemi, penye matete na mafunjo na ardhi inayolowa miguu hata Oktoba. Tukapenya kwenye uwazi. Hakukuwa na matete wala mafunjo. Kulikuwa na matuta yako, safi, ya mviringo, yamepangwa mpaka ukingoni mwa jicho lenyewe, na katikati yake mfereji ulionyooka unaonyonya kinamasi chote. Na juu ya matuta, kabichi ulizozipanda kwa mkono wako kabla hujaugua, zimefunga vichwa, nzuri kweli. Chini ya mfereji maji yalikuwa yanapotelea mchangani. Jicho lilikuwa dogo kama sahani.

Mlimani tuta linashika maji. Kinamasini linayafukuza. Wiki nzima nilikuwa nimewafundisha nusu ya kwanza, na nusu ya pili sikuwa nimeiona, ingawa ndiyo iliyonisomesha. Na ule mfereji, nusu yake niliuchimba mimi. Naufahamu mahali unapopinda kidogo, pale jembe langu liligonga jiwe na wewe ukacheka ukasema mwalimu mtarajiwa amekwama.

Sikusahau ilikuwaje, usifikiri nimesahau. Tulikuwa watu wa mahindi na ulezi. Chama cha ushirika kilikuwa kinanunua, mbolea inakuja, tunaishi. Kisha vikaja vile vikao vya soko huria. Chama kikafunga mlango, mahindi ya watu yakalala nje ya ghala yakinyeshewa, mbolea ikapanda bei ikawa ya kutazamwa dukani kama picha ya mtakatifu. Wanunuzi wakaja na malori yao na bei zao, unauza au unarudi nayo nyumbani. Na mimi ndio kwanza nimechaguliwa kwenda chuo cha ualimu, na kila kitu sasa kinachangiwa. Ukachukua jembe ukashuka bondeni ambako hakukauki, ukakata matete, ukayafukia kwenye matuta. Bibi mzaa baba akanuna, akasema matete ya chemchemini hayakatwi. Wewe ukasema, "Basi aje yeye amlipie Desi ada." Siku hizo ulikuwa na msemo mmoja: "Kabichi haina chama." Unazing'oa alfajiri, unazibeba kichwani mpaka soko la Sumbawanga, unarudi na pesa siku hiyo hiyo. Miaka yote ya chuo niliila kabichi ile bila kuiona sahanini.

Haya yote yalipita kichwani mwangu nimesimama pale. Nilikuwa na muda wa kutosha. Oswadi, kiranja, akaniuliza, "Mwalimu, bustani hii ni ya nani?" Kalamu nyekundu iko mkononi mwake, anangoja jina.

Nikasema, "Sijui."

Neno fupi namna ile. Lilitoka lenyewe, wala sikulitafuta. Niliona aibu, Mama, na niseme wazi ni aibu gani: niliona aibu kwa ajili yako. Nilimuona afisa maji na tai yake, nikaona watoto wanavyonitazama tangu siku ya madebe mawili, nikaona jina lako limeandikwa kwa wino mwekundu kwenye mfuko wa saruji, pamoja na ng'ombe wa Msukuma. Nikalikwepa. Niliona aibu kuwa mtoto wa mtu aliyekata matete.

Kabula alikuwa mbele yangu. Alinitazama kidogo, halafu akatazama chini, akasema polepole, "Mwenyewe alishafariki, mwalimu." Aliyemwandika baba yake kwa nyekundu alinifunika mimi nguo. Sijui ni watoto wangapi wengine walielewa. Ulizikwa juzi tu, na wao ndio waliobeba maji. Nadhani walielewa wengi kuliko ninavyotaka kufikiri.

Oswadi akaandika, "Bustani. Mwenyewe hajulikani." Akauliza achore mshale wapi, maana maji ya mfereji hayafiki popote, yanazama. Nikamwambia aweke alama ya kuuliza. Kisha, kwa sababu mtu akishaanza uongo hana budi kuulisha, nikasema kama haina mwenyewe basi kesho tuje na majembe tuponye chemchemi.

Kesho yake nilipiga jembe la kwanza mimi, ili nionekane. Tuta likapasuka, ndani nikakuta nyasi ulizofukia, hazijaoza vizuri bado, nyingine zina rangi yake. Harufu ilipanda ile ya mikono yako jioni. Niliinama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Watoto walibomoa matuta yote, wakayasukumia mferejini mpaka ukaziba. Waliimba. Kabichi tulizing'oa tukazibeba shuleni, mwalimu mkuu akawagawia darasa kama zawadi, na mimi akanisifu kwenye paredi. Alisema mwalimu Desideri ni mfano. Nilisimama pale kwenye baridi nikitazama ncha za viatu vyangu.

Sasa nikuambie kuhusu arobaini yako.

Dada Skola alipanda kutoka Mtowisa juu ya lori, amekalia gunia la mchele alioukoboa mwenyewe kwa ajili yako. Alishuka hapa anatetemeka, huko kwao wamezoea joto. Hata hakukaa vizuri. Akachukua kikapu akaniambia, "Wali wangu na kabichi za Mama. Nataka wageni wale cha mkono wake mara ya mwisho." Akashuka bondeni. Mimi nilikuwa napasua kuni.

Akarudi na kikapu kitupu. Alikaa chini kwenye majivu ya jikoni akalia kwa sauti, akasema wezi wamemwibia marehemu. Kisha akainuka akazunguka kwa majirani, nyumba kwa nyumba, akimlaani aliyeng'oa kabichi za maiti. Alimlaani na uzao wake. Mimi sina uzao bado, lakini nilimsikia vizuri. Niliendelea kupasua kuni, Mama. Nilipasua kuni nyingi kuliko arobaini yoyote inavyohitaji, na majirani wakasema mtoto huyu anampenda mama yake.

Nasema tena, sitaruka kitu.

Siku yenyewe watu walijaa uani. Katekista amefika, masufuria yako jikoni, wali unanukia mpaka barabarani. Darasa la sita wakaja kwa mstari na ndoo zao, kama walivyokuja siku ya mazishi. Mwisho wa mstari alikuwa Kabula. Hakubeba ndoo. Alibeba kitu cha mviringo kimefungwa kwenye khanga ya mama yake. Alipita wageni wote, akaenda moja kwa moja mpaka kwa dada Skola, akapiga magoti, akafungua. Kabichi moja, majani ya nje yamenyauka kidogo lakini ndani nzima.

Akasema, "Shikamoo. Mama amesema cha marehemu hakiliwi kabla wenyewe hawajapewa."

Dada akamuuliza ameitoa wapi. Kabula ni mtoto aliyelelewa. Mkubwa akimuuliza anajibu. "Tuligawiwa shuleni. Tuling'oa kule juu na mwalimu."

Dada alinitazama, mimi nimeshika sahani, kisha akaenda na kabichi ile jikoni, akaikata mwenyewe, nyembamba sana, akaitia kwenye sufuria kubwa. Kabichi moja kwa umati ule. Kila mtu alipata uzi. Na mimi nikapata wangu, juu ya wali, nikaula.

Ungefikiri baada ya hapo nilisema. Katekista alimaliza sala, akaomba mtoto wa marehemu aseme machache. Nikasimama. Darasa la sita wamekaa kwenye nyasi mbele yangu, mguu kwa mguu. Nilikuwa nimejiandaa kusema, nakuapia, neno lilikuwa kwenye ulimi. Nikasema mama yetu alikuwa mcha Mungu, mkarimu, mkulima hodari. Sikusema alilima wapi. Nikashukuru watu kwa kufika nikakaa.

Dada alinikuta asubuhi yake nasugua sufuria. Alikuwa ameshafunga mzigo, lori linapita mapema. Nilimngoja anipige, na ingekuwa nafuu. Aliongea kwa utaratibu; watoto walikuwa wameshamweleza lile "sijui" langu. Aliniuliza kama nakumbuka utosi wako. Nilisema nakumbuka. Pale katikati, nywele zilipokwisha kwa kubeba mzigo ule ule njia ile ile, mpaka ukawa hutoki bila kitambaa hata kwenda kuchota maji. Akasema, "Alipoteza nywele ili wewe uitwe mwalimu. Ukaitwa mwalimu, ukasema humjui." Nikamweleza habari za chemchemi, za matete, za mto kukauka. Nilimfundisha, Mama, hata pale, sufuria mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kama bustani ilikuwa mbaya, ilikuwa mbaya. Lakini ilikuwa yake. Mkataa kwao ni mtumwa, Desi." Akajitwika kikapu akaenda barabarani. Sikumsindikiza kwa sababu hakutaka.

Nimelitafakari neno lile. Mimi nilidhani kuna mambo mawili tu ya kuchagua: nikutetee na kuudanganya mto, au niutetee mto na kukuficha wewe. Dada Skola hakwenda shule zaidi ya darasa la nne na hata hakuwa anafikiria mto, alikuwa anakufikiria wewe. Lakini alisema kitu ambacho darasani kwangu kilikuwa tayari kimeandikwa na mtoto kwa mkono wake: kivuko cha ng'ombe wa baba yangu. Kabula hakumchukia baba yake alipoandika vile. Jioni yake nilimuona anamshikia kamba ya ndama kama kawaida.

Jumatatu niliingia darasani mapema kuliko desturi yangu. Walisimama wakaniamkia, wakakaa. Wimbo wa salamu ulikuwa mdogo. Ramani ilikuwa ukutani, na pale juu kwenye kona, mwandiko wa Oswadi: Bustani. Mwenyewe hajulikani. Na kile kialama cha kuuliza.

Nikasema nahitaji kalamu. Oswadi alikuwa na zote mbili, hakujua anipe ipi, akabaki amezishika. Nitakuambia ukweli kwamba mkono wangu ulikwenda kwenye ile ya bluu. Kabula akasema kutoka kwenye dawati lake, bila ukali wowote, "Ni nyekundu, mwalimu." Na ni kweli, ndivyo tulivyokubaliana.

Nikachukua nyekundu. Nikafuta "hajulikani" kwa mstari mmoja, nikaandika: Adelina, mama yake mwalimu Desideri. Nilisikia kiti kimoja kikilia, basi. Kisha nikawaambia wote. Niliwaambia nilijua siku ile, nikasema sijui. Nikawaambia mfereji nusu niliuchimba mimi. Mahali fulani niligeukia ukuta nikajifanya natazama ramani, lakini watoto siyo wajinga. Hakuna aliyecheka. Ningependa kukuambia kwamba nilijisikia mwepesi baada ya kusema, kama wanavyosema watu waliotoka kuungama. Hapana. Niliwaka masikio mpaka kengele ya mapumziko.

Nikadhani nimemaliza. Oswadi akanyoosha kidole. "Mwalimu, na mshale? Maji yalikwenda wapi?"

Nilisimama na kalamu. Vitu vyote vyekundu kwenye ramani vilikuwa na mshale wake isipokuwa chako, na swali lilikuwa la haki, mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha kuuliza. Basi nikaweka ncha ya kalamu kwenye bustani yako nikaanza kuchora. Nikaupeleka mshale kwenye soko la Sumbawanga, ambalo halikuwa hata kwenye ramani, ikabidi nichore kibanda. Kutoka sokoni nikaupeleka pembeni ya karatasi nikaandika chuo cha ualimu. Kutoka hapo nikaurudisha, mrefu, ukapita juu ya kivuko na juu ya mahali pa kufulia, mpaka kwenye kile kijumba chenye bendera kinachoonyesha shule yetu. Nikakosa mahali pa kuumalizia. Mwishowe nikaumalizia kwenye meza ya mwalimu. Watoto wakainamisha vichwa wakaunakili kwenye madaftari yao, wengine wakipima kwa rula ili usipinde.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo, Mama. Chemchemi haijapona, sitaki kukudanganya hata kwa hilo. Mfereji umeziba, lakini maji yanatoka kwa uvivu, na afisa maji anasema tungoje mvua mbili tatu. Kwenye tope pameanza kuchomoza vitu vya kijani vyenye ncha. Huenda ni matete, huenda ni magugu tu. Baba Kabula amekata njia nyingine ya ng'ombe wake, mbali na bwawa. Alikuja shuleni mwenyewe kuniambia, akanisalimia kwa mikono miwili, nami sikujua niweke wapi macho. Dada Skola hajaandika. Nitamwandikia mimi kwanza, na nitaanza na yale maneno yako ya hofu na mashaka.

Nyuma ya nyumba, kwenye mteremko, nimeanza kulima matuta machache. Nafukia nyasi kama ulivyonionyesha. Hayajanyooka. Nyasi zikioza nitapanda kabichi huko, nizimwagilie kwa mkono, zikikauka zikauke.

Nakuaga sasa, maana nikiendelea nitaanza kukufundisha na wewe. Lala salama, Mama. Ninachokuahidi ni kimoja. Kila mwaka nitawapandisha darasa la sita kule juu kwa kufuata maji, tukitokea chini. Nitawaonyesha mahali matuta yalipokuwa, nitawaambia msilime hapa, na nitawaambia aliyelima alikuwa mtu mwema mwenye mtoto wa kusomesha. Na wakiniuliza bustani ilikuwa ya nani, nitajua.

Mimi mwanao, uliyemsomesha kwa maji,

Desideri.